Mzinga wa Chuma na Mzinga wa Mti: Kapteni Zimmer katika Ziwa Tanganyika, 1914–1916

Neno mzinga lina maana mbili kubwa katika Kiswahili, nazo zimewekwa pamoja katika vitabu vya lugha hii kwa zaidi ya miaka mia moja. Maana moja ni gogo lililotobolewa ndani, au gome la mti lililochunwa zima, litundikwalo mtini ili nyuki waingie na kuweka asali. Maana ya pili ni silaha kubwa ya vita, irushayo risasi nzito kwa nguvu ya baruti. Steere, katika mwongozo wake wa lugha uliotolewa mara ya kwanza mwaka 1870, aliziandika zote mbili. Johnson akafanya vivyo hivyo katika kamusi yake ya mwaka 1939. Mwenye kusoma hupita hapo bila kusimama, kwa kuwa mfano wa umbo ni dhahiri: kitu kirefu, cha mviringo, chenye uwazi ndani, na kinachotoa mlio. Lakini katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kati ya mwaka 1914 na 1916, maana hizi mbili zilikutana katika vitu vyenyewe. Aliyekuwapo kuzikutanisha, pasipo kulikusudia jambo la lugha hata kidogo, ni afisa wa manowari ya Kijerumani, Kapteni Gustav Zimmer, ambaye karibu mambo yake yote ya vita katika ziwa hilo yalihusu mzinga: kuupata, kuupandisha chomboni, na hatimaye kunyang'anywa.

Vita ilipoanza Agosti 1914, Zimmer hakuwa ziwani. Alikuwa nahodha wa Möwe, jina ambalo kwa Kijerumani ni la ndege shakwe, chombo kidogo cha kupima kina cha bahari na kuchora ramani za pwani. Tarehe 8 Agosti manowari ya Kiingereza iitwayo Astraea iliipiga kwa mizinga Dar es Salaam, ikikusudia mnara wa simu ya upepo, na siku hiyo Wajerumani wakaizamisha Möwe wenyewe bandarini ili isitekwe. Nahodha asiye na chombo ni kama mfinyanzi asiye na udongo. Zimmer na mabaharia wake wakapandishwa garimoshi wakapelekwa bara, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200, hata Kigoma. Reli hiyo ilikuwa imefika ziwani mwezi wa Februari mwaka huohuo. Kama vita ingalianza mwaka mmoja mapema, habari zote zinazofuata zisingaliwezekana.

Kigoma ilikuwa ngeni, mji wa reli na gati. Mji wa kale ulikuwa Ujiji, mwendo wa saa chache kwa miguu upande wa kusini, soko la pembe na la watumwa katika karne ya 19, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Kwa Ujiji Kiswahili kilivuka ziwa kikaingia Manyema na kuwa kile kiitwacho Kingwana. Jambo hili lafaa kukumbukwa katika kila maelezo ya vita ya ziwa: maafisa wa pande mbili hawakuelewana kwa lugha zao, lakini askari na wapagazi wa Kigoma na wale wa Lukuga, upande wa Kongo ya Wabelgiji, wengi wao wangaliweza kusemezana bila mkalimani. Katika jeshi la Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, amri za gwaride zilikuwa za Kijerumani. Mazungumzo ya kambini, ya jikoni na ya njiani yalikuwa ya Kiswahili.

Ziwa lenyewe ni refu mno, kama kilomita 670 toka kaskazini hata kusini, na jembamba. Hakukuwa na barabara ya kufuata ufuko wake. Kwa hiyo mwenye meli yenye silaha ndiye aliyeweza kupeleka askari apendako, na asiye nayo alingojea kushambuliwa. Mwanzoni pande zote zilikuwa maskini wa vyombo. Wajerumani walikuwa na Hedwig von Wissmann, meli ndogo iliyokuwa ziwani tangu mwanzo wa karne, yenye jina la mke wa gavana. Wakaongeza Kingani, chombo kidogo zaidi kilicholetwa kwa reli kutoka Dar es Salaam, chenye jina la mto wa pwani wa karibu na Bagamoyo. Wabelgiji walikuwa na meli moja, Alexandre Delcommune, na tarehe 22 Agosti 1914 Hedwig iliivamia na kuiharibu. Mwezi wa Novemba meli mbili za Waingereza zilizokuwa kusini mwa ziwa, Cecil Rhodes na Good News, zikaharibiwa nazo. Mizinga iliyotenda kazi hiyo ilikuwa midogo, ya milimita 37, ambayo baharini isingalitisha meli yoyote ya vita. Ziwani ilitosha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mkubwa kuliko huo juu ya maji.

Kisha ikaja Graf von Goetzen. Meli hii iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari na kwa reli. Mafundi watatu kutoka Papenburg, wakiongozwa na Anton Rüter, waliiunganisha upya Kigoma pamoja na mafundi wa Kihindi na vibarua wengi Waafrika. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915, na katikati ya mwaka huo ilikuwa tayari kwa safari. Jina lilikuwa la gavana aliyetawala wakati wa Maji Maji. Urefu wake ulikuwa karibu mita 70, kitu ambacho ufuko ule haukuwa umeuona bado. Nayo ilijengwa kwa abiria na mizigo, si kwa vita.

Kilichoigeuza kuwa manowari ni mzinga uliotoka mbali. Tarehe 11 Julai 1915 manowari Königsberg, iliyojificha katika delta ya Rufiji, ilipigwa na Waingereza, na mabaharia wake wakaizamisha. Mizinga yake 10 ya sentimita 10.5 ilikuwa bado mizima. Iliopolewa, ikavutwa hadi Dar es Salaam, ikaundiwa magurudumu na kugawanywa sehemu mbalimbali za nchi. Mmoja ukaletwa Kigoma na kufungwa juu ya sitaha ya Goetzen. Mzinga wa namna hii uliweza kutupa risasi ya kilo 17 hivi umbali wa kilomita 12. Tangu siku ile Zimmer alikuwa bwana wa ziwa. Hakuhitaji kuupiga mara nyingi. Wabelgiji walipanga mizinga juu ya mwamba wa Lukuga, wakaacha kutoka. Hesabu za majenerali wa Ulaya zikaanza kwanza na Goetzen kabla ya kuhesabu askari.

Hapa ndipo simulizi nyingi za Kizungu huhamia kwa Waingereza na mashua zao mbili, Mimi na Toutou, na ni kweli kwamba safari yao ni ya ajabu. Waliondoka London Juni 1915 chini ya Geoffrey Spicer-Simson, wakapita Cape Town, wakazivuta mashua hizo juu ya milima ya Katanga kwa magari ya mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya mamia ya watu, wakafika ziwani mwishoni mwa Oktoba. Yatosha kutaja habari moja ya lugha. Spicer-Simson alivaa sketi badala ya suruali, na vitabu vya Kiingereza vyasema kuwa Waholoholo wa mwambao ule walimpa jina la Bwana Chifunga-tumbo. Muundo wa jina ni wa Kiswahili safi: kitenzi funga, yambwa tumbo, na kiambishi cha ngeli ya ki-/vi- kikiunda jina la kitu chenye kutenda, kama vile kifungua-mlango. Sauti ya chi- mahali pa ki- yaweza kuwa ya matamshi ya wenyeji, au ya sikio la Mwingereza aliyeiandika. Maandishi pekee hayawezi kuamua.

Zimmer hakujua kwamba mashua hizo zipo. Alishuku tu kuwa Wabelgiji wanaunda kitu Lukuga, akamtuma Luteni Job Rosenthal kupeleleza, naye akashikwa mwanzoni mwa Desemba 1915 alipokuwa amesogelea bandari kwa kuogelea. Taarifa haikurudi. Tarehe 26 Desemba Kingani ilikaribia pwani ile ile, na mashua mbili zikaitokea kwa nyuma. Mzinga wake mmoja ulikuwa umefungwa omo, wala haukuweza kugeuzwa kupiga tezi. Pigano lilikwisha kwa dakika chache. Nahodha Junge akauawa, chombo kikatekwa, kikatiwa mzinga mkubwa zaidi na kupewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig, iliyotoka kutafuta habari, ikapigwa na Fifi hiyohiyo na kuzama. Kesho yake Goetzen ilionekana ikipita taratibu, ikiitafuta mwenzake. Spicer-Simson hakutoka kuipiga. Maafisa wa pande zote mbili walimlaumu baadaye, na huenda lawama ilikuwa kali kuliko haki: mashua ya mbao yenye mzinga wa ratili 3 haikaribii kwa urahisi mtutu unaopiga kilomita 12.

Katika habari hizi Zimmer aonekana mzito na mwenye kukosa shabaha. Alipoteza vyombo viwili kimoja baada ya kingine, na cha pili alikitoa bila kujua kilichokipata cha kwanza. Lakini kosa lake lilikuwa la upungufu wa habari kuliko upungufu wa ushujaa. Wala si yeye aliyeamua jambo kubwa lililofuata. Katika miezi ya kwanza ya 1916 majeshi ya Waingereza na ya Afrika Kusini yaliingia kutoka kaskazini, na Wabelgiji wakajiandaa kushuka kupitia Rwanda na Burundi. Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, alihitaji mizinga nchi kavu. Mzinga wa Königsberg ukafunguliwa kutoka katika sitaha ya Goetzen, ukapakiwa katika behewa, ukarudi mashariki kwa reli ileile iliyouleta.

Na mahali pake pakawekwa mzinga wa mti.

Hila hiyo si mpya katika vita. Lakini athari yake katika ziwa lile ilikuwa kubwa kuliko kawaida, kwa kuwa nguvu ya Goetzen tangu mwanzo ilikuwa katika kuonekana. Meli ilikaa Kigoma na gogo lake lililochongwa na kupakwa rangi, na ng'ambo ya pili watu waliendelea kuihesabu kama manowari. Wabelgiji walipata kutoka Uingereza ndege za kutua majini, wakaziweka karibu na Lukuga, na tarehe 10 Juni 1916 zikavuka ziwa kuipiga Goetzen kwa makombora bandarini. Marubani walirudi wakidai kuwa wameipiga. Gharama ya kuzileta ndege hizo toka Ulaya hata katikati ya Afrika, pamoja na petroli yake na mafundi wake, ilitumika juu ya meli ambayo mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondoka.

Mwezi huohuo jambo lililofanana nalo lilitokea kusini, katika ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Spicer-Simson alifika na vyombo vyake ili kuziba njia ya majini wakati askari wa Waingereza wakija kwa nchi kavu. Alipoona mizinga juu ya ngome alijitenga. Usiku Wajerumani wakapanda mashua wakaponyoka, na askari wa nchi kavu walipoingia ngomeni wakakuta kwamba mizinga ile nayo ilikuwa ya miti.

Yafaa kusimama hapa kidogo, kwa sababu ndipo palipo na faida kwa mwanafunzi wa lugha. Silaha za baruti zilipofika pwani ya Afrika ya Mashariki zilikuja na majina yake. Baruti na risasi yalipokewa kwa njia ya Kiarabu, na risasi asili yake ni jina la madini yenyewe, bunduki vilevile. Kombora ni la kuja. Manowari ni Kiingereza kilichokunjwa kikaingia kinywani. Hata mzinga wa mfululizo ulioitwa Maxim ulipata jina kwa mlio wake, bombomu. Wareno, ambao mizinga yao iliipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505, waliacha katika lugha maneno kama bendera na gereza. Lakini silaha yao kubwa kuliko zote haikuacha jina lake. Kwa silaha hiyo peke yake wasemaji wa Kiswahili hawakukopa. Walitazama umbo, wakaita jina la kitu walichokuwa nacho tangu zamani.

Kwamba maana ya nyuki ndiyo ya kwanza hapana shaka. Neno hili, kwa maana ya nyumba ya nyuki, limeenea katika lugha nyingi za Kibantu za bara ambako silaha za baruti zilifika juzi tu. Katika Kiganda omuzinga ni wa nyuki na ni wa vita pia, na yaelekea maana ya vita ilifika huko kwa njia ya biashara ya pwani. Wako wanaopenda kulihusisha neno na kitenzi zinga, yaani kuzunguka. Hilo laweza kuwa kweli kwa mzizi wa mbali, lakini halielezi kwa nini silaha iliitwa hivyo. Kinachoieleza ni gogo. Na lugha ya barabarani ya siku hizi, ambamo kupiga mzinga ni kuomba fedha kwa mtu, yaonyesha kwamba neno bado halijachoka kuzaa.

Nchi inayopitiwa na reli kati ya Tabora na Kigoma ni nchi ya misitu ya miombo na ya asali. Fundi wa mizinga ya nyuki huko hajui kazi nyingine ya neno hilo kuliko hiyo: kuchagua mti, kukata, kutoboa, kufunga, kutundika. Seremala aliyetengeneza mzinga wa Goetzen alifanya kazi ya jamii hiyohiyo, kwa kuchagua gogo la mviringo na kulipa sura ya mtutu. Katika Kijerumani kitu hicho kilikuwa cha uongo, chenye kuhitaji neno la kueleza kuwa si cha kweli. Katika Kiswahili kilikuwa mzinga bila kuongezewa neno. Lakini itakuwa kosa kuligeuza jambo hili kuwa chanzo cha neno, kama ambavyo simulizi za mitaani hupenda kufanya. Neno lilikuwa na maana zake mbili karne nyingi kabla ya Zimmer kuzaliwa. Tukio la 1916 halikuunda maana yoyote. Liliufuata mfano ule kinyumenyume: kwanza silaha ya chuma iliitwa kwa jina la gogo, kisha gogo likapewa kazi ya silaha ya chuma.

Mwisho wa kazi ya Zimmer ziwani ulikuja upesi. Wabelgiji walikuwa wakishuka kutoka kaskazini, na reli iliyokuwa njia pekee ya kutoka ilikuwa karibu kukatwa. Mafundi wa Papenburg waliipaka injini ya Goetzen grisi nzito ili maji yasiile, wakijua kwamba siku moja yuko atakayeitaka; kisha tarehe 26 Julai 1916 meli ikapelekwa katika ghuba ya Katabe karibu na Kigoma na kuzamishwa. Ni mara ya pili katika muda wa miaka miwili Zimmer kuzamisha chombo chake mwenyewe. Siku mbili baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma, na mwanzoni mwa Agosti wakaingia Ujiji. Mabaharia, ambao sasa walikuwa askari wa miguu, walirudi nyuma kwa kufuata reli kuelekea Tabora, na Tabora ikatekwa tarehe 19 Septemba.

Tabora ndiko Wajerumani walikokuwa wakipiga fedha zao za dharura katika karakana ya reli mwaka huo, na kati ya shaba iliyotumika ilikuwamo ya maganda ya risasi za mizinga. Sarafu hizo ziliitwa Heller. Jina hilo lilipokewa katika Kiswahili likawa hela, na lingali likitumika kila siku na watu wasiojua kwamba ni la Kijerumani. Ni neno lililodumu zaidi ya dola iliyolileta.

Grisi ya mafundi ilifanya kazi yake. Wabelgiji waliiopoa meli baada ya vita, nayo ikazama tena katika dhoruba mwaka 1920. Waingereza waliiopoa mwezi wa Machi 1924, wakakuta injini bado yafaa, na tarehe 16 Mei 1927 ikaanza safari upya kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa kusini mwa ziwa mwaka 1867. Kwa miaka mingi baadaye ilipeleka abiria, dagaa na mahindi kati ya Kigoma na Mpulungu, na sitahani mwake hapakuwa na mzinga wa aina yoyote.

Mizinga ya Königsberg iliharibiwa au kutekwa mmoja mmoja, na Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwezi wa Novemba 1917 kuingia nchi ya Wareno hakuwa nayo tena. Mmoja umewekwa Pretoria. Mwingine uko Mombasa katika Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno mwaka 1593, pamoja na mizinga ya zama nyingine; na wenyeji wa mji huuita kwa jina lilelile walitumialo kwa gogo la nyuki.